Generose na mipira minne ya ukoo

Ukitaka Generose akasirike, hata leo, mwambie kwamba mashemeji zake walimnunulia mipira ya gari. Ataacha alichokuwa anafanya, atafuta mikono kwenye kitenge, na hapo ujue asubuhi yako imekwisha. Kwa sababu hawakumnunulia yeye. Walijinunulia wenyewe, wakaja kulivalisha gari lake.

Generose ana miaka hamsini na sita, anakaa Nyamianda, mjini Uvira. Mume wake Donatien ana mwaka wa tano kaburini. Alichomwachia ni watoto watatu ambao sasa wana nyumba zao, nyumba ya vyumba vitatu, na Pejo 404 nyeupe iliyotengenezwa kabla Generose hajazaliwa. Donatien alikuwa shofeli wa mapadre, na mapadre walipozeeka wakarudi kwao, walimpa gari lile kwa barua. Yeye ndiye aliyemfundisha mke wake kuendesha, Jumapili baada ya misa, na alimfundisha yote: kubadili mpira, kusikiliza injini, kumfukuza fundi anayeshika nyundo kabla ya kutazama. Alipougua, Generose ndiye aliyempeleka hospitali ya Lemera, mara kumi na moja, kwa gari hilo hilo. Ndugu za Donatien walikuja kumtazama mara mbili, na mara ya pili walikuta maiti.

Gari ndilo linalomlisha. Siku za kazi linaenda Bwegera kuchukua mchele anaouza mbele ya nyumba. Jumamosi linabeba maharusi. Yako majipu mengi mjini, zile jeep kubwa zenye vioo vyeusi, lakini bibi-arusi anayejua anachotaka anaitaka Pejo ya Mama Laure, maana inapita polepole, vioo vyake ni vyeupe, na barabara nzima inamwona alivyopendeza. Mama Laure ndivyo wanavyomwita mtaani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka mipira ikaisha. Miwili ya nyuma ilikuwa laini kabisa, na mmoja wa mbele ulikuwa umevimba ubavuni. Generose akaacha kwenda Bwegera, akakataa arusi tatu, akaanza kutafuta. Hapa ndipo watu wasiojua wanapocheka: mpira ni mpira tu, nenda sokoni ununue. Haya, nenda. Pejo 404 inavaa mpira mwembamba, mia na sitini na tano, rimu ya kumi na tano. Mipira ya siku hizi ya kumi na tano ni mipana, imetengenezewa magari mengine. Ukiivalisha Pejo, usukani unakuwa mzito kama jiwe la kusagia, na ukikata kona mpira unakula bati. Generose aliyaeleza hayo kwa wauzaji sita. Wanne walimwuliza mume wake yuko wapi. Mmoja alimwambia achukue tu, gari litazoea.

"Motokari haizoei," Generose akamjibu. "Inaharibika."

Aliyemsikiliza ni mmoja tu, Franck, kwado wa Kavimvira, mzee wa mvi ambaye ameziba mipira kando ya barabara ile tangu zamani za Donatien. Franck alimtolea mipira minne ya kipimo chenyewe, iliyotoka kwenye depo fulani iliyofungwa. Ilikuwa myeusi, inang'aa, na bado ilikuwa na vile vinywele vya mpira ambavyo kila mtu Uvira anaviamini: mpira ukiwa na vinywele ni mpya, maneno yameisha. Generose akachuchumaa, akatafuta namba za tarehe ubavuni. Zilikuwa tatu. Mipira yote iliyotengenezwa tangu mwaka elfu mbili ina namba nne.

"Franck, hii mipira imemzidi umri mtoto wangu wa mwisho."

"Lakini haijatembea hata siku moja, mama."

"Ndiyo ubaya wake. Imekaa tu, ikakauka."

Akaubonyeza mmoja kwa vidole gumba viwili, na mipasuko midogo ikajitokeza kati ya mistari. Franck hakubisha. Akamwambia kuna mfanyabiashara anayevuka kwenda Bujumbura, na huko bado wako watu wenye Volkswagen za zamani, zile za mgongo wa duara, ambazo zinavaa kipimo hicho hicho. Mipya ingepatikana, ila angoje mwezi, labda miwili. Generose akasema atangoja.

Sasa mwingize Damien. Damien ni kaka mkubwa wa marehemu, na ndiye anayesema kwa niaba ya ukoo, hata pale ambapo ukoo haujamtuma. Binti yake Merdi alikuwa anaolewa, na huku arusi ina komite yake: yuko prezida, yuko sekretere wa kuandika kila neno, na kila ndugu anapewa fungu, huyu mbuzi, huyu vinywaji, huyu viti. Kikao cha pili Damien akasimama, akatangaza kwamba binti yake atapanda Pejo, na kwa kuwa Pejo haina mipira, ukoo utainunulia. Watu wakapiga makofi. Generose alikuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake, na hakuna aliyegeuka kumwuliza.

Najua utasema ana roho ngumu. Mtu anakupa mipira minne ya bure, unanuna nini? Lakini kamwulize jirani yake Florentine, naye mjane. Mvua ilipong'oa paa lake, mashemeji wakaja na mabati kumi na manane, wakaezeka siku mbili. Florentine akawapikia, akawashukuru mbele ya watu, akalia kwa furaha. Mwaka uliofuata shemeji mkubwa akaleta mpangaji kwenye chumba cha mbele. Florentine alipohoji akaulizwa yeye: mabati ni ya nani? Walipofika kwa shefu wa mtaa, likaulizwa swali hilo hilo. Hawakukunyang'anya, angalia vizuri. Walikusaidia, ukashukuru, na asante yako ndiyo wanayoileta kama ushahidi. Leo Florentine analala chumba cha nyuma cha nyumba yake mwenyewe.

Kesho yake Generose akaenda kwa Damien, akakaa kwa heshima, akasema kwa heshima.

"Shemeji, nashukuru kwa wazo. Lakini mipira ya gari nachagua mwenyewe, na nimeshaagiza. Ikifika kabla ya arusi, Merdi nitambeba mimi, na sitaki hata malipo."

"Mama Laure, weye pumzika," Damien akasema, akicheka na ndugu zake. "Hiyo ni kazi ya wanaume."

Alhamisi, siku mbili kabla ya arusi, Generose alirudi sokoni na kikapu cha samaki, akakuta geti lake liko wazi. Ndani ya ua wake, Pejo ilikuwa juu ya jeki. Damien alikuwapo, na wadogo zake wawili, na kwado asiyemjua. Mipira yake ya zamani ilikuwa imeshavuliwa, imerundikwa kwenye mkokoteni. Minne mingine ilikuwa imeshavalishwa, mipana, imepakwa dawa ya viatu ili ing'ae. Kwado yule alikuwa amezungusha usukani, mpira wa mbele ukagusa bati, na sasa alikuwa ameshika chaki, anachora mstari kwenye bati lililo juu ya gurudumu. Pembeni yake kulikuwa na msumeno wa chuma.

"Kata kidogo tu," Damien alikuwa anamwambia. "Hakuna atakayeona."

Generose akaweka kikapu chini. Anasema mwenyewe kwamba haikuwa woga hata kidogo. Alikuwa na hasira mpaka meno yakamuuma.

"Shemeji, nani amekuruhusu?"

"Ruhusa ya nini? Hii motokari iko ya kaka yetu. Weye unaichunga tu."

Basi, neno limetoka. Miaka mitano walikuwa wanalizungukia, wanalimumunya, wanamwuliza kama gari bado linawaka, kama hachoki kuendesha. Generose akaenda mpaka kwenye bati, akaulaza mkono wake juu ya mstari wa chaki.

"Minye niko hapa," akamwambia kwado. "Ukikata, anza na huu mkono."

Kwado akamtazama Damien, akautazama mkono, akaokota msumeno wake. Akasema aliitwa kubadili mipira, hakuitwa kwenye kesi.

"Sasa toa mipira yao," Generose akasema. "Yote minne. Rimu ni zangu, uziache hapa."

"Utaendesha nini wewe?" mmoja wa wadogo akauliza.

"Hilo si lako."

Damien aliongea sana. Alimwita mke wa kuja, alimwita mwanamke asiye na shukrani, akaapa kwa kaburi la kaka yake, kaburi ambalo hajawahi kulipalilia. Generose alisimama pale na mkono wake juu ya bati mpaka mpira wa mwisho ulipovuliwa, na Pejo ikaachwa imekaa juu ya matofali.

Jumamosi Merdi alikwenda kanisani ndani ya jipu la kukodi lenye vioo vyeusi. Msafara ulipita barabara ya Nyamianda ukipiga honi, na Generose alikuwa uani anapepeta mchele. Akalia. Alimpenda Merdi, yeye ndiye aliyemwahidi gari tangu msichana yule anasoma shule ya msingi. Alilia kwa sababu walimfanya avunje ahadi yake, na kila alipofuta machozi alimtukana Damien kwa jina lake kamili.

Mipira ya Bujumbura ilifika wiki mbili baada ya arusi. Generose aliikagua pale kwa Franck mmoja mmoja: namba nne, wiki na mwaka, mwaka uliopita tu, ubavu unakunjika bila kupasuka, harufu kali ya mpira mpya. Haikuwa inang'aa hata kidogo. Franck akaja nayo mpaka uani, akaifunga, akatia upepo, akaishusha Pejo kwenye matofali, naye Generose akaendesha mpaka darajani na kurudi. Usukani ukawa mwepesi kama alivyouzoea. Siku hiyo hiyo akapata habari kwamba ukoo unamwita Jumapili.

Kila mtu alijua atapigwa faini ya mbuzi. Kwao mwanamke akiwakosea wakwe ni mbuzi, na mbuzi anachinjwa pale pale, na wote waliokaa kwenye kikao lazima wamle. Usipokula, maana yake umeikataa hukumu, na kesi inaanza upya. Generose hakungoja kuambiwa. Alimnunua mbuzi dume, akamfunga kwenye kiti cha nyuma juu ya gunia, akajiendesha mwenyewe mpaka uani kwa Damien.

Walikuwa tisa. Frédéric, binamu yao mwalimu, ndiye aliyeandika. Damien akashtaki: mwanamke huyu aliombwa gari na ukoo, akakataa, akatutia aibu mbele ya wakwe wa Merdi. Saa nzima. Generose hakujitetea hata kwa neno moja, na wazee wakafurahi, wakaona amevunjika. Wakaamua mbuzi mmoja. Akasema yuko kwenye gari, mmchukue. Wakachinja, moto ukawashwa, karatasi ikazungushwa, wote tisa wakatia sahihi, Damien wa kwanza.

Nyama ilipokuwa inaiva, Generose akaomba karatasi isomwe, na Frédéric akasoma: Mama Generose, mjane wa Donatien, ametozwa mbuzi mmoja kwa sababu aliombwa gari na ukoo kwa arusi ya Merdi, naye akawanyima.

"Asante," Generose akasema. "Sasa nawauliza, wazee. Mlinzi wa ghala akikataa kuwapa wenye mali mchele wao, wanamtoza mbuzi? Wanafungua ghala, wanachukua. Ninyi mliniomba. Nikakataa. Mkanihukumu kwa kunyima, na mnyimi ananyima kilicho chake. Nimekubali kosa langu. Frédéric, niandikie nakala."

Mzee mmoja akaguna, akatazama chini. Damien ndiye aliyeelewa wa mwisho, na alipoelewa akasimama, akasema faini ifutwe, huyu ni mke wetu, hatuwezi kumtesa mjane, arudi na mbuzi wake.

"Mbuzi gani?" Generose akauliza. "Huyo aliye motoni?"

Wengine wakaanza kula, maana nyama ilikuwa imeiva na hukumu ilikuwa yao wenyewe. Nakala ikaandikwa, akaikunja, akaitia ndani ya kitenge. Damien alikuwa amekaa tena, hajala, mikono juu ya magoti. Generose akachukua sahani, akaweka paja na kipande cha ini, akampelekea kwa mikono miwili kama mke wa mdogo wake anavyopaswa, akapiga goti.

"Kula, shemeji."

Damien akawatazama ndugu zake. Wote walikuwa wanatafuna. Akakata kipande kidogo cha ini, akakitia mdomoni, akakikalisha humo muda mrefu. Generose alibaki amepiga goti, anamtazama koo, na hakuinuka mpaka alipoona amemeza.