Spika ya Kushoto ya Fundi Kasian

KILOSA, 1975. Saa mbili asubuhi skrubu zinacheza ndani ya kopo, na hapo ndipo fundi Kasian Lupakisyo anapojua kwamba treni ya mizigo inapita. Anamwinamia tena mgonjwa wake, gramafoni ya stirio ya klabu ya kijiji cha ujamaa huko Ruhembe.

Aliletewa abadilishe sindano tu. Ubovu wa spika ya kushoto ameugundua mwenyewe, na leo anaipasua mara ya tatu.

“Bubu kabisa,” anasema. “Na sioni kilichokatika.”

Ana miaka sitini na mmoja. Kwa miaka kumi na mmoja alilisha mkonge kwenye korona, mashine ya kuusaga, ikimngurumia ubavuni kushoto. Kisha meneja wa shamba akamchukua awe mtumishi wa nyumbani. Mwaka wa Uhuru, meneja akanunua gramafoni ya spika mbili.

“Ngoma ilitokea kulia, dirishani. Mwimbaji akawa kushoto, mlangoni,” anakumbuka. “Nikaenda kumfungulia, sinia la chai mkononi! Nje hakuna mtu.”

Shamba lilipotaifishwa, meneja, aliyekuwa amemfundisha kutengeneza redio, alimwachia bisibisi na chuma cha kulehemu. Watu wa Mikumi hadi Lumuma wakawa wateja wake. Mwaka juzi alitengeneza redio arobaini. Mwaka huu, tisa.

Mkewe, Filomena, anatoka jikoni na ungo.

“Baba Damiano, mbona unampasua asiyeumwa? Zote mbili zinaimba.”

“Ya kushoto haiimbi.”

“Haya, fundi. Geuza kiti, uipe mgongo.”

Kasian anageuza kiti. Spika ya kushoto inaimba vizuri tu. Ya kulia ndiyo imenyamaza.

Anakirudisha kiti. Anakigeuza tena.

“Sikio hilo lilifia korona,” Filomena anacheka. “Tulichelewa kutangaza msiba tu.” Kisha anamwona mumewe akifuta bisibisi moja moja na kuzifunga kwenye kitambaa, na kicheko kinamwisha.

“Na hili la kulia limeanza kuvuma kama nyuki,” Kasian anasema. “Fundi gani mimi?”

Kesho ataipeleka gramafoni Ruhembe, na kazi ya ufundi ataiacha hukohuko. Atamwomba mwenyekiti wa klabu jambo moja: apigiwe santuri moja, mkewe akae kushoto kwake.

“Mwimbaji akifika mlangoni, nibonyeze bega,” anamwambia Filomena. “Nisimwache amesimama nje.”