Kilo Moja na Nusu

Mtaani tulimwita Mama Mizani, naye hakukasirika. Duka lake la rejareja lilipakana na kibanda changu cha ushonaji, na hakuna kilichoingia humo bila kupandishwa kwenye mizani. Mkate ulipimwa. Sabuni ilipimwa. Nadhani hata salamu zangu za asubuhi alizipima.

Zamani aliliendesha duka hilo na mdogo wake wa kike, hadi siku mdogo mtu alipoleta dumu la mafuta ya kupikia, likapimwa, likaonekana pungufu. Alimfukuza mbele ya wateja. Kikulacho ki nguoni mwako, alituambia. Tangu hapo hawakusemezana, na mafuta hakuyauza tena.

Mwanawe alipooa, mkewe alimsihi mama wayarudishe, kwa kuwa wateja walikuwa wakiyaulizia kila siku. Mama Mizani alikubali shingo upande. Dumu la kwanza la lita ishirini lilipofika, alikagua kifuniko, akanusa vidole vya mkwewe, kisha akalipandisha kwenye mizani.

"Kumi na nane na nusu," alisema, akiwa ameshatoa uzito wa dumu tupu. "Ishirini imetoka huko, hii ndiyo iliyofika. Njiani ulipita kwa nani?"

"Sikupita kwa mtu, mama."

"Basi mume wako akirudi jioni, utamweleza yeye. Mimi siishi na mwizi."

Nilisimamisha cherehani. Sitajisingizia wema, nilitaka kusikia. Lakini yule binti nilimwonea huruma, maana sote tulijua mdogo mtu aliondokaje.

Binti alifuta machozi, akachukua chupa ya lita moja, akaijaza maji na kuipima. Akamwaga, akaikausha, akajaza mafuta hadi pale pale, akairudisha kwenye mizani.

"Soma mwenyewe, mama."

Mama Mizani alisoma, akaigonga mizani kwa kidole, akasoma tena. Akaigeuza chupa kutafuta tundu.

"Umeifanyaje hii?"

"Sijaifanya kitu. Ukitia mafuta kwenye sufuria ya maji, yanakaa wapi?"

"Juu. Nani asiyejua?"

"Yanakaa juu kwa sababu ni mepesi. Lita ya maji ni kilo, lita ya mafuta haifiki. Dumu limejaa, mama. Uliyoyapima ni mafuta, lakini hesabu yako ni ya maji."

Mama Mizani aliketi juu ya gunia la mchele. Nilidhani atabisha, kubisha alikujua. Badala yake aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo kila dumu lingepungua hivi?"

"Kila dumu."

Alimkabidhi mkwewe funguo za duka, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaondoka mchana kweupe. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye. Alibisha hodi kwa mdogo wake, na mlango ukafunguliwa nusu.

"Safari hii zimepotea kilo ngapi, dada?"

"Hazikuwahi kupotea," alimjibu.