Mbuzi wa Kumrudisha Tunu

Bernadina Kokushubila, binti Rweyemamu wa Kaagya, mjane wa Sospeter Kahangwa wa Kamachumu. Aliyemaliza darasa la saba akiwa wa kwanza, wavulana wote nyuma yake. Aliyeng'oa migomba kwa mikono yake mwaka wa mnyauko na kupanda upya wakati majirani wakilia. Aliyelea watoto watano wakakua wote, na kasuku thelathini na mmoja wakasema wote. Hivyo ndivyo anavyotajwa. Ukiruka hata neno moja, atalirudisha mwenyewe.

Kasuku walianza kwa padri mzungu aliyezeekea parokiani. Siku ya kurudi kwao alimwachia Bernadina jozi moja ya kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu, pamoja na karatasi ya kibali.

"Wenzako wanaachiwa rozari," Sospeter alimcheka, "wewe umeachiwa wapiga kelele."

Jike alipototoa, kicheko kiliisha. Bernadina aliwatoa makinda kiotani kabla hawajaota manyoya, akawalisha kwa kijiko ndizi mbivu iliyopondwa ndani ya uji wa ulezi. Kila kijiko kilikuwa na maneno yake: "Kula, mwanangu, ushibe kabla hujaolewa." Kasuku akilelewa hivyo humjua mtu kuwa ndiye mama. Ndiyo maana waligombaniwa kutoka Muleba hadi Bukoba mjini. Bati la nyumba na ada za shule, vyote vilitoka kwao.

Sasa kosa lake. Mama wa Kihaya hamfuati binti aliyeolewa kwenda kuchungulia jiko la mkwe, hungoja aitwe. Bernadina aliwahesabu kasuku kuwa mabinti: aliyechukuliwa ameolewa, basi. Kwa miaka zaidi ya thelathini hakukanyaga nyumba hata moja kuwaangalia, akaona hiyo ndiyo heshima.

Mwaka juzi alikwenda Buhembe, Bukoba mjini, kwenye kipaimara cha mjukuu wa dada yake. Wakati wa kurudi akaingia duka la vifaa vya ujenzi kununua misumari. Nyuma ya mifuko ya saruji sauti ikasema, "Kula, mwanangu, ushibe kabla hujaolewa."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya miaka tisa nyuma, kabla meno ya mbele hayajang'oka.

Alikuwa Tunu, mmoja wa kasuku aliowalea kwa kijiko na kuwauza. Kifua kilikuwa kitupu kama cha kuku aliyenyonyolewa, ngozi ina vidonda, na mdomo haukuacha kudonoa palepale. Tundu lilikuwa zuri na chakula kilijaa.

"Mama Kasuku mwenyewe!" Ishengoma, mwenye duka, alifurahi kumwona. "Manyoya anayang'oa mwenyewe huyu. Mchezo wake."

"Anazungumza na nani?"

"Na wateja."

"Na wateja wakiondoka?"

Ishengoma akacheka. "Na saruji."

Bernadina aliondoka bila misumari. Nyumbani alimkuta Elieth, mjukuu wake aliyekuwa akiandaliwa kurithi kazi ile, amekaa karibu na kiota chenye mayai mawili.

"Bibi, makinda hawa, watu wameshawaagiza."

"Hawatatotolewa."

"Kuna nini?"

"Nimemkuta Tunu dukani akijing'oa manyoya mbele ya chakula tele. Nilimnyang'anya mama yake ili ampende mtu, halafu nikampa mtu mwenye kazi nyingi. Nani mchawi hapo?"

"Lakini anakula, Bibi. Kwani umemtupa?"

"Mimi nilikula siku ile tumemzika babu yako. Kula si kuishi. Kwa vidonda vile msimu wa senene hautamkuta."

Elieth akasema polepole, "Basi nenda ukamwombe Ishengoma."

"Kuomba? Kokushubila?"

Usingizi ulimkataa siku mbili. Angekwenda kuomba, ingekuwa aibu. Angekaa, Tunu angekufa akisema maneno yake. Siku ya tatu aliyachemsha mayai yale, yalipopoa akayarudisha kiotani ili jike ayalalie mpaka achoke. Kisha akafungua zizi. Binti akirudi nyumbani, kwao hurudisha mahari. Akamchagua beberu mkubwa kuliko wote, akampandisha juu ya lori la ndizi, naye akakaa mbele na dereva.

Buhembe nzima ilimwona bibi kizee na beberu wake. Madereva wa bodaboda wakamfuata mpaka dukani.

"Mama, mbuzi wa nini?" Ishengoma aliuliza. "Umekuja kununua saruji kwa mbuzi?"

"Nimekuja kumchukua binti yangu."

"Haa! Huyu ni wangu. Nilimlea miaka tisa!"

"Ulimlisha miaka tisa, tena vizuri. Sikatai hilo."

Watu wakacheka. Uso wa Ishengoma ukakunjamana, na Bernadina akajua kwamba mwanamume aliyechekwa mbele ya wateja hatoi kitu. Ndipo akafanya jambo ambalo wanaume ndio hulifanya mbele za wakwe: alisimama katikati ya mlango, akainua fimbo na kujitamba, kile Wahaya wanachokiita kwebuga. Alitaja baba yake, mume wake, migomba ya mnyauko na watoto watano. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia katika majigambo: "Mimi niliyewatoa makinda kwa mama zao! Mimi niliyewaoza nisiende kuwaona! Ishengoma hana kosa. Kosa ni langu, na nimelifuata kwa miguu yangu!"

Kutoka nyuma ya saruji sauti ya meno kamili ikajibu: "Kula, mwanangu!"

Ishengoma alimtazama beberu, akamtazama bibi. Lawama ilikuwa imemtoka mabegani. Alikwenda mwenyewe kulibeba tundu.

"Mchukue, waitu, mama yangu. Na mbuzi wako mrudishe."

"Mbuzi abaki," Bernadina alisema. "Binti yangu hatoki kwa watu kama kitu cha wizi."

Madereva wakapiga honi mpaka barabara kuu.

Kuanzia hapo alifuata mlango mmoja baada ya mwingine. Waliokuwa wakiishi na watu, wakizungumzishwa na kutoka nje, aliwaacha wakiwa na heri. Kumi na watatu alikuta wamekwisha kufa. Kumi na mmoja walirudi Kamachumu. Hawajui msitu, kwa hiyo aliwajengea banda refu la wavu katikati ya migomba, wanamoruka na kutukanana kutwa. Tunu aliota manyoya kabla kahawa haijaiva. Yalianza meupe kama pamba, yakaja ya kijivu, na mzee wa parokia aliyesema Bernadina amechanganyikiwa alialikwa kuja kuyaona.

Kasuku huishi miaka mingi kuliko mfugaji, na Bernadina anajua hesabu hiyo. Jumapili iliyopita alimwita Elieth bandani, akampa fimbo ileile.

"Wamebaki saba kwa watu. Wawili wako hapahapa Kamachumu, watano mjini. Kila kahawa ikivunwa, uende."

"Niwapigie simu kwanza?"

"Usipige. Ingia bila hodi ndefu, umtazame kasuku kifua kabla hujaketi. Na zizini kuna beberu mwekundu. Huyo hauzwi, hachinjwi. Ni wako wa safari."