Picha Iliishia Kifuani

Miaka miwili mwalimu mlezi wa klabu ya marafiki wa ng'ambo alizungumza nao kwa simu ya video, juu koti na tai, chini kandambili, kwani picha iliishia kifuani. Hakumaliza sentensi bila kuuliza, "Mnanisikia?" akikiinamia kioo kama anayechungulia chungu. Mmoja wao, binti wa Uswidi, alipoandika kwamba anakuja Babati, mwalimu aliingiwa na hofu moja: asije akaonekana si yule wa kwenye simu. Siku hiyo alipiga koti pasi, akafunga tai mara tatu, akawahi stendi. Mgeni aliposhuka kwenye basi, mwalimu alimwinamia usoni.

"Unanisikia?"

"Nakusikia. Shikamoo, Mwalimu," binti alijibu, kisha akatazama zile kandambili. "Kumbe una miguu!"