Kifungu cha Saba cha Bega kwa Bega

Jumamosi, tarehe 11 Machi 2017, Chepngetich Rono, muuguzi wa Bowie, alichaguliwa katibu wa Bega kwa Bega, umoja wa Wakenya na Watanzania unaokutana katika ukumbi wa kanisa huko Takoma Park, Marekani. Tarehe hiyo imo kwenye daftari la kumbukumbu, kwa mwandiko wake mwenyewe. Siku hiyo hiyo Elkanah Mutai alichaguliwa mwenyekiti.

Miaka minane baadaye, wiki moja kabla ya uchaguzi, Chepngetich hakuwa na raha. Mwezi mzima ulikuwa umepita tangu Elkanah achukue faili la katiba, ati akaichape upya. Kila akiulizwa, mara printa haina wino, mara faili limebaki garini.

Kabla ya mkutano, Elkanah huwafundisha wanaojiandaa kwa usaili wa uraia. Siku hiyo aliwalinganisha marais watatu wa kwanza. Washington alikuwa jenerali na mwenye shamba wa Virginia, mtu wa maneno machache. Adams, mtoto wa mkulima wa Massachusetts, alikuwa mwanasheria msomi mwenye hasira za karibu; alikaa muhula mmoja, akashindwa. Jefferson alikuwa mpole mbele za watu na mkali kwenye karatasi. Aliandika kwamba watu wote ni sawa huku akimiliki watumwa. Funzo, alisema Elkanah, ni kwamba kitu kichanga kinahitaji mkono uliozoea. Washington aliombwa aendelee, akaendelea.

Chepngetich aliyapima maneno hayo. Washington alivyoingia, amesikia. Alivyoongezewa muhula, amesikia. Akanyoosha mkono.

“Mwenyekiti, na alitokaje?”

“Hilo haliulizwi kwenye usaili, Mama Ethan.”

“Ninaliuliza mimi.”

Watu walicheka. Benadetha, Mtanzania wa Fairfax ambaye usaili wake ulikuwa umekaribia, ndiye aliyemjibu: baada ya mihula miwili Washington alikataa kugombea tena, akarudi zake shambani.

Elkanah alikohoa, akagawa katiba mpya. Chepngetich alikwenda moja kwa moja kwenye kifungu cha saba. Zamani kiliweka ukomo wa uongozi. Sasa kilizungumzia michango ya misiba, na ukomo haukuwapo popote.

Alifungua daftari la 2017, ambamo katiba ilinakiliwa kwa mkono kabla ya kuchapwa, akasoma kwa sauti: kiongozi yeyote asizidi mihula miwili ya miaka minne.

Elkanah hakukana. Alitabasamu.

“Soma tena, Mama Ethan. Kiongozi yeyote. Nyani haoni kundule.”

Chepngetich aliutazama tena mstari ule. Mwezi mzima alikuwa amemhesabia Elkanah miaka, yake hakuihesabu. Tena akaona jambo jingine: huenda mzee huyu alilitegemea hilo tangu mwanzo, kwamba katibu atafumba macho ili naye abaki. Aliupenda ukatibu. Nyumbani watoto humjibu kwa Kiingereza. Hapa watu humsikiliza kwa lugha yake.

“Basi na mimi nimo,” alisema. “Anayetaka kifungu kirudi, anyooshe mkono.”

Mikono thelathini na moja ilinyooshwa. Wa Elkanah haukuwamo. Chepngetich aliandika idadi hiyo daftarini.

Uchaguzi ni Jumamosi, tarehe 15 Machi, saa nane mchana. Jina la Elkanah halitakuwa kwenye karatasi ya kura, wala la Chepngetich. Daftari atalikabidhi kwa katibu mpya.