Herufi D, Hadi Pale Kisu Kilipopita

Wiki iliyopita nafasi moja tupu kwenye CV yangu ilininyima usingizi. Ni nafasi ndogo, haitoshi hata kulaza njiti ya kiberiti. Mistari ya juu yake nilikuwa nimeijaza bila shida: Kiswahili, vizuri sana, Kifaransa, vizuri sana, Kifuliiru, vizuri, ingawa bibi yangu angeliona hilo angefunika mdomo kwa kitenge. Kisha likaja neno Kiingereza, na mbele yake hapakuwa na kitu. Shirika moja hapa Uvira, Kongo, linatafuta mtu wa kuandika ripoti, na tangazo lao linasema Kiingereza ni cha lazima. Diploma yangu ya chuo kikuu nimeifunga kwa plastiki mbili ili vumbi lisiiguse, na tangu nilipoipata hakuna aliyeomba kuiona isipokuwa Mama, anapotaka kuwaonyesha wageni. Kazi hii ndiyo ya kwanza iliyonifaa tangu nimalize masomo. Na sasa yote yalisimama kwenye mstari mmoja. Niandike "vizuri sana"? Huo ni uongo. "Kiasi"? Na wakiona hicho kiasi ni kidogo? "Kidogo"? Basi si afadhali nisipeleke kabisa?

Mdogo wangu Neema, ambaye bado yuko shule ya sekondari na haogopi kitu chochote duniani, alinichungulia begani akacheka. Yaya ndivyo anavyoniita mimi kaka yake.

"Yaya, andika tu 'vizuri sana'. Bote banaandika vile. Bakikuuliza kitu, telefone iko."

Telefone iko! Najua mtu ambaye bado anakula kwa mama yake hana haki ya kusema "enzi zetu". Lakini acha niseme, maana Neema na wenzake hawajui tulikotoka. Wao wakitaka neno la Kiingereza wanaiuliza simu, na simu inawajibu kabla hawajamaliza kuuliza. Enzi zetu neno la Kiingereza ulilifuata kwa miguu.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, pale mtaa wa Kimanga, mjomba wangu Sadiki alirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Alishuka kwenye boti ya Kigoma akiwa amevaa koti zito la suti, jua la saa sita likimpiga, na kwapani ana kamusi moja ya Kiingereza. Sisi watoto tulimwita Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa. Alikuwa amejifunza Kiingereza kambini, na kwa kuwa hakupata kazi nyingine, akaamua kutufundisha sisi kila Jumamosi jioni uani kwao, ndagala, yaani dagaa, zikianikwa upande mmoja na sisi tukianikwa upande mwingine. Mpaka leo nikisikia mtu anaongea Kiingereza safi, pua yangu inatafuta harufu ya ndagala.

Tatizo likawa kamusi ni moja na sisi tuko wengi. Shuleni tulishazoea kusoma kitabu kimoja watu sita, mmoja akisoma kichwa chini miguu juu. Tonton hakutaka hivyo. Siku ya pili akaita watoto wote, akaweka kamusi juu ya ubao wa mama yake wa kukatia samaki, akashika kisu kilekile cha kuparulia mikeke, samaki wa ziwa letu.

"Kila mutu atakuwa na herufi yake," akasema. "Utaisoma, utailinda, utaifundisha bengine. Ukipoteza herufi, umetupotezea sisi bote."

Kisha akakata. A mpaka C alibaki nazo mwenyewe, kwa sababu, alisema, mwalimu lazima ashike mwanzo. Espérance, jirani yangu, aliinua mkono akadai E, kwa kuwa jina lake linaanza nayo. Bahati, aliyekaa kule Kalundu karibu na bandari, alipewa F. Mimi nilipata D. Nilifurahi, mpaka nilipofika nyumbani na kugundua kwamba kisu hakikufuata herufi. Kilifuata mkono wa Tonton. D yangu ilikatika njiani. Neno la mwisho kabisa kwenye ukurasa wangu wa mwisho lilikuwa *doubt*, yaani shaka. Mkia wote uliobaki, kunywa na kuota na kuendesha gari na vumbi na bata, ulikwenda na E nyumbani kwa Espérance.

Fikiria basi mtoto mwoga kupewa mali ya namna ile. Nilisoma kurasa zangu jioni baada ya jioni, mafuta ya taa yakiisha na Mama akilalamika, na karibu kila nilichokutana nacho kilikuwa balaa. *Damage*, hasara. *Danger*, hatari. *Delay*, kuchelewa. *Disaster*, maafa. Na baada ya maafa hayo yote, nikigeuza ukurasa wa mwisho nikitafuta faraja, nakutana na shaka. Watu husema mtoto hufanana na jina lake. Mimi nimefanana na herufi yangu.

Sheria ya Tonton ilikuwa moja: usitumie neno la mwenzako mpaka mwenyewe akupe. Anayeiba neno analipa faini, na faini ni kumchotea mama wa Tonton, yaani bibi yangu, maji. Nyumba ile haikuwahi kukosa maji. Kwa hiyo katikati ya wiki ukitaka kusema samaki kwa Kiingereza, samaki aliishi Kalundu, kwa Bahati. Ulivaa sandali ukaenda. Ukimkuta anacheza mpira unamngoja. Akimaliza anakuambia *fish*, na unarudi unalirudia njiani, *fish, fish, fish*, lisije likadondoka, huku akina mama sokoni wakikutazama kama mtoto aliyepatwa na homa. Espérance alikuwa mgumu zaidi. *Drink* alinipa bure. Lakini *dream*, ndoto, aliifungia. "Iyo iko na bei," alisema, na ilibidi nimbebee ndoo yake kutoka ziwani mpaka kwao. Nilihisi ni unyang'anyi, maana lile neno kwa haki lilikuwa langu.

Mama hakuelewa biashara ile. Aliponituma chumvi nikarudi mikono mitupu, nikiwa nimepitia kwa mwenye S kuuliza chumvi inaitwaje, alininyooshea mwiko wa sombe, kile kisamvu alichokuwa akipika. "Minye nilikutuma chumvi, weye unaniletea jina lake? Haya, tia jina mu sombe tuone."

Jumamosi ndiyo tulijenga sentensi. Tulikaa duara, na sentensi ilizunguka kama sahani ya bugali, kila mtu akichota upande wake. Ile tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mbwa anayekula samaki. Mimi nilisimama na kupiga kelele *dog*. Espérance alidaka *eats*. Bahati alimaliza *fish*, na Tonton alipiga makofi kama tumefunga goli. Watu watatu, sentensi moja. Hatukuona kama ni umaskini. Tulidhani Kiingereza ndivyo kinavyosemwa, kwamba hata Waingereza wenyewe wanaongea kwa zamu.

Jumamosi moja Bahati hakuja. Nyanya yake alikuwa amefariki Luvungi na familia yote ilipanda gari kwenda msibani. Nikasimama nikasema *dog*. Espérance akasema *eats*. Kisha ikawa zamu ya F. Tukaangalia mahali pa Bahati, kile kigunia chake cha kukalia kikiwa kitupu.

"Eats nini?" akauliza Tonton.

"Tonton, Bahati iko Luvungi," akasema Espérance.

Sote tulilijua lile neno. Tulikuwa tumelisikia mara nyingi kuliko kengele ya kanisa. Lakini hakuna aliyelitamka, na safari ile haikuwa kwa kuogopa kuchota maji. Tonton alitutazama mmoja baada ya mwingine, akavua lile koti lake, akaliweka magotini.

"Basi leo mbwa atalala njaa," akasema, na darasa likaisha.

Nililia njiani, nikijiambia namlilia mbwa.

Baadaye shuleni tulifundishwa Kiingereza chenye herufi zote, na chuoni pia. Lakini maneno yale kwangu ni wageni. Yanafika sebuleni, yanaketi kwenye ncha ya kiti, na wakubwa wakiingia yanaondoka. Ya D ndiyo ndugu. Wiki iliyopita nilijipima mbele ya kioo, nikajifanya niko kwenye mahojiano. Wewe ni mtu wa namna gani? Nikajibu bila kupumua kwamba mimi ni *decent*, *dependable*, *disciplined*, *diplomatic*: mstaarabu, wa kutegemewa, mwenye nidhamu, mwenye busara ya maneno. Na ulifanya nini baada ya masomo? *Delay*. Neema alikuwa mlangoni amejishika tumbo kwa kicheko.

"Mutoto wa kufikiri sana anakuta chakula kimepoa," Mama akasema toka jikoni. "Iyo karatasi iko na meno? Ju ya nini unaiangalia sawa nyoka?"

Nikafanya nilichokuwa nikikifanya zamani neno likinishinda: nikamfuata mwenye nalo. Espérance siku hizi anafanya biashara Kamanyola, ananunua mchele wa bondeni na kuuvusha mpaka. Nilimpigia simu, nikamweleza yote, mstari mtupu na shaka zangu kwa mpangilio.

"Ungali na ile D?" Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Minye E yangu Mama aliifungia karanga zamani!"

"Na mkia wangu?"

"Mukia nao ulienda na karanga. Sikiliza weye. Siku zile nani alingoja kuwa na herufi zote ndiyo aseme? Ulikuwa unasimama na *dog* yako moja, unapiga kelele mpaka Kalundu. Sasa uko na diplome, unaogopa?"

Nikakata simu. Nilichukua kurasa zangu kutoka chini ya godoro, bado zina harufu ya mikeke, au labda ni mimi ninayeitaka iwepo. Kama kawaida vidole vikaenda mwisho, kwenye *doubt*. Safari hii nikavirudisha nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nikafika kwenye *decide*. Kuamua. Neno lilikuwa langu miaka yote ile, tena liko mbele kabisa ya shaka, na mimi nilikuwa nikilipita mbio kwenda kuangalia mwisho.

Simwonei Neema wivu wa simu yake. Ina herufi zote, haimtumi Kalundu, haimdai ndoo ya maji. Lakini na yeye hatajua raha ya neno kukungoja mdomoni mwa rafiki, wala kwamba mtu mmoja akikosekana sentensi nzima inabaki na njaa. Zamani hakuna aliyetudai tuwe kamusi nzima. Siku hizi kila mtu anaandika kwamba yeye ni kamusi nzima, kisha anakaa peke yake akiomba asiulizwe.

Nikaandika, kwa Kifaransa kizuri na maandishi madogo yaliyofika hadi ukingoni, mbele ya neno Kiingereza: *Herufi D, vizuri sana. Zilizobaki ninajifunza kwa bidii, na nafanya kazi vizuri pamoja na wenye nazo.* Sikusoma mara ya pili. Kama ningesoma mara ya pili, ningekuwa bado naisoma.

Asubuhi nikaenda kwenye geti la shirika, nikapitisha bahasha kwenye kitundu. Mlinzi aliishika upande wake. Akavuta. Akavuta tena.

"Papa," akasema, akiniita baba kwa heshima, "iyo bahasha unatoa ao unabaki nayo?"

Nikatazama vidole vyangu, vimeng'ang'ania kona.

"Natoa," nikasema, na nikaachia.