Sikio Lililoning'inia Darasani

Enzi zetu, na msinicheke kwa kusema "enzi zetu" wakati hata mvi moja sina, kiangazi kilikuwa na kazi yake. Uwele na mtama vikishaingia ghalani, ngoma ya kijiji ililia asubuhi, tukatoka wote kwenda uwandani kupigana na dungusi, ule mmea wa miiba. Kila nyumba kumi zilikuwa na kipande chao.

Uwanda wetu, si mbali na Ihanja, ulikuwa kati ya shule na lambo. Ulikuwa wa wote. Hapo mbuzi walichungwa, hapo tulicheza rede na mpira wa matambara. Kisha mtu mmoja akaleta dungusi kutoka Kilimatinde apande ua wa zizi lake, na mmea ukatoka zizini ukatembea. Majani yake manene sisi watoto tuliyaita masikio, maana yalisimama kama yanatusikiliza. Na yale matunda mekundu, jamani! Tuliyasugua mchangani kuondoa vimiba, tukala, tukaonyeshana ndimi.

Mwaka wa kwanza tulifanya kazi kwa furaha nyingi na akili kidogo. Tuliyakatakata masikio kwa mapanga, tukayatawanya huku tukiimba. Mvua iliponyesha, kila kipande kikaota. Kumbe tulikuwa tumepanda shamba!

Mwaka uliofuata balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Njiku, akasema safari hii tuyakusanye malundo, jua litayaua. Kuchimba mashimo katika ardhi ile ngumu kama tofali hakuna aliyetaka. Tukayapakia juu ya ngozi kuukuu za ng'ombe na kuzikokota kwa kamba, watoto tukigombea kuvuta.

Lakini nyumbani kwetu jambo hili halikuwa mchezo. Maziwa ya mama yalikauka mapema, na mdogo wangu Musa alikuwa akinywa ya mbuzi wetu, Kidoti. Kidoti naye alikosa nyasi, akala dungusi, mdomo ukamvimba, maziwa yakapungua. Jioni mimi nilimshika pembe, mama akamtoa vimiba kimoja kimoja na kumpaka samli.

"Uwanda huu ukizibwa na dungusi mwaka mwingine, mwanangu, sijui huyu mtoto atakunywa nini," alisema.

Basi nikamuuliza Mwalimu Yakobo: sikio la dungusi huchukua muda gani kufa? Mwalimu akakuna kichwa. "Hata mimi sijui. Tulitundike tuone." Akalifunga sikio moja kwa kamba, akalining'iniza chini ya paa la darasa, mbali na udongo, mbali na maji.

Kiangazi chote nilitazama juu badala ya ubaoni. Sikio likanywea, likakunjamana kama shavu la bibi. Shabani, tuliyekaa naye dawati moja, hakuniacha nipumue: "Daktari, mgonjwa wako kaamkaje leo?" Mimi nilikuwa nawaza labda tukienda nyumbani linashuka, linakwenda kunywa lamboni, kisha linarudi.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, asubuhi moja Shabani mwenyewe ndiye aliyepiga kelele: "Jamani, mgonjwa kaota vidole!" Kweli. Pembeni mwa lile sikio kulikuwa na vimizizi vyeupe, na juu yake chipukizi la kijani.

Mwalimu akalipeleka kwenye mkutano wa kijiji. Mzee Njiku akaligeuzageuza kwa kijiti.

"Halina udongo, halina maji. Sasa lilikuwa linakula nini?"

Akayatazama malundo yetu, akayatazama mawingu. "Kesho njooni na majembe."

Mama alichimba akiwa na Musa mgongoni, na hakuna aliyeweza kumwambia apumzike. Tulifukia yote chini kabisa yasipate kuchomoza, na lile la darasani nikaliaga kwa mkono. Mvua ikaja. Masikio machache yaliyochomoza tuliyang'oa yangali madogo, na kwingine kote zikaota nyasi. Nyasi, basi! Kidoti akatafuna mpaka jua likazama, na Musa akaota mashavu.

Siku hizi Musa huyohuyo anabembeleza ndevu. Anavaa viatu vya raizoni vya soli nene, virefu hata hawezi kuvuka uwanda bila kujikwaa, na ngoma ya kiangazi ikilia, yeye na wenzake wote wanashikwa na mafua. Juzi nikakuta mlangoni petu sikio la dungusi limepandwa ndani ya kopo.

"Ua la kisasa hilo, dada. Ni moja tu!"

Nikamwambia hata lile la darasani lilikuwa moja tu. Nikamsimulia habari za Kidoti. Akacheka, kisha akachuchumaa, akaligeuzageuza kopo lake.

"Sasa dada, lilikuwa linakula nini?"

Zamani swali hilo liliulizwa mkutanoni, na kesho yake kijiji kizima kikaja na majembe. Juzi tulikuwa wawili tu mlangoni, Musa akavua viatu vyake, nami nikaingia ndani kulitafuta jembe la mama.